Uchambuzi wa kisa: Lavenda ilituliza usingizi na tumbo, damu ikabaki pale pale

Kwa nini kisa hiki

Wanawake wengi wanaokuja kwetu kwa ajili ya tumbo la hedhi wanafika wakiwa wameshajaribu mafuta ya kunusa au ya kuchulia, kama ya lavenda, mmea wa maua ya zambarau yenye harufu nzuri. Wameyaona kwenye simu, wameuziwa saluni, au wameletewa zawadi na ndugu aliyetoka safari. Sisi wahudumu tunawapokea kwa namna mbili, na zote zinanisikitisha. Wapo wanaowacheka na kuwaambia hayo ni manukato tu. Wapo pia wanaoyanadi kama dawa ya kila kitu, kuanzia chango mpaka ugumba. Mwanamke anatoka pale bila kuambiwa kitu cha kumsaidia kupima mwenyewe.

Mimi ni muuguzi mkunga mjini Moshi, na kuchua ni sehemu ya huduma ninayotoa. Mhusika wa kisa hiki ameridhia kitumike kufundishia. Jina, mtaa na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha yameondolewa au kubadilishwa. Hapa tutamwita Mama Anna.

Usuli

Mama Anna ana miaka 34, watoto wawili, na ni fundi cherehani mwenye kibanda chake. Kazi yake ina msimu. Desemba na Januari sare za shule zinamiminika, naye anakaa kwenye cherehani ya kukanyaga tangu asubuhi mpaka taa zinawashwa. Hedhi ikiangukia katikati ya msimu huo anapoteza siku mbili au tatu za kazi, na mzazi anayesubiri sketi ya mtoto Jumatatu hataki kusikia habari za tumbo.

Alikuwa na shida mbili, ingawa alizieleza kama moja. Ya kwanza ilianza kama wiki moja kabla ya damu: usingizi unakatika saa nane za usiku na haurudi, matiti yanajaa na kuuma, hasira ziko karibu, machozi yanatoka bila sababu. “Sista, wiki hiyo mtoto akidondosha kijiko tu namfokea, halafu nakaa nalia mwenyewe.” Nilimuuliza waziwazi kama siku hizo huwa anawaza kujidhuru. Akasema hapana, na hali yote hiyo hupotea damu ikishatoka siku mbili hivi. Swali hilo halirukwi, maana wapo wanawake ambao dalili za kabla ya hedhi huwafikisha huko, na hao wanahitaji daktari mapema, siyo mafuta.

Shida ya pili ilianza na damu yenyewe. Tumbo chini ya kitovu linakaza na kuachia, kiuno kinavuta, miguu inakuwa mizito kukanyaga pedeli. Mwaka uliotangulia alikuwa ametoa kijiti cha uzazi wa mpango. Alipokuwa nacho alikuwa anaona matone tu, kwa hiyo hedhi iliporudi kwa nguvu alijiambia mwili unarudi katika hali yake. Wengi huwa hivyo kweli, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Alikuwa anameza Panadol mbili, zikishindwa anatuma mtu duka la dawa amletee diklofenaki, anaimeza tumbo tupu maumivu yakiwa yameshapamba moto. Aliwahi kununua mizizi ya chango sokoni, ikamharisha, akaiacha. Kisha akapata mafuta.

Chupa aliyokuja nayo

Aliitoa kwenye mkoba ikiwa imefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha sare. Chupa ndogo ya plastiki, picha ya maua ya zambarau, jina la lavenda kwa herufi kubwa. Hapakuwa na jina la kisayansi la mmea, hapakuwa na nchi yalikotengenezwa, hapakuwa na tarehe wala alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Nilipofungua, harufu ilinijia ikiwa kali na tamu kama ya sabuni ya kufulia.

Alikuwa amejipaka mafuta hayo yenyewe, bila kuyachanganya na chochote, asubuhi na jioni chini ya kitovu. Pale alipopaka palikuwa na kiraka chekundu cha ukubwa wa kiganja, na vipele vidogo vilivyosongamana zaidi kwenye mstari wa mkanda wa sketi, mahali nguo inaposugua. Panawasha. Alidhani kuwasha huko ndiko dawa kufanya kazi.

Tukadondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, tukaiweka dirishani. Mafuta halisi ya kunusa ya lavenda hupaa yote na kuiacha karatasi ikiwa kavu. Kesho yake karatasi ile ilikuwa na doa la duara linalopitisha mwanga, kama la karatasi ya maandazi. Maana yake chupa ilikuwa na mafuta mazito yaliyotiwa manukato. Kipimo hiki kina mpaka wake: kinakamata uchakachuaji wa mafuta mazito tu. Manukato ya kiwandani yanayopaa yatapita bila kuonekana. Kwa hiyo karatasi ikibaki safi bado utatazama chupa: iwe ya kioo cheusi au cha kahawia, iwe na jina Lavandula angustifolia, iwe imenunuliwa kwa muuzaji anayejulikana. Lavandini, ambayo ni chotara la lavenda, ni rahisi zaidi kwa bei lakini ina kafuri nyingi, na haimfai mtu anayetafuta usingizi.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha mafuta yote mpaka ngozi ipone. Hapo hapakuwa na mjadala.

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu kwake kuupokea: mzunguko wa kwanza tuupitishe bila mafuta kabisa, hata kama ngozi imeshapona. Tulitaka kujua hali yake ilivyo, ili tukiongeza kitu tuone kimeongeza nini. Lakini mtu mwenye maumivu huwezi kumwambia akae tu aandike. Tukapanga ibuprofeni miligramu 400 baada ya kula, kila baada ya saa nane, aanze mara anapoona dalili ya kwanza ya damu na asisubiri tumbo likaze. Kabla ya hapo niliuliza kuhusu vidonda vya tumbo, pumu na figo. Kipimo cha mimba kilikuwa hasi. Pamoja na dawa, chupa ya maji ya moto juu ya kanga.

Sababu ya kuwahi dawa ni hii. Ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi unapobomoka hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huamuru misuli ya mfuko ikaze. Ikikaza sana damu haipiti vizuri kwenye misuli hiyo, na maumivu yanakuja. Ibuprofeni na diklofenaki huzuia prostaglandini zisitengenezwe. Zikiwa zimeshatengenezwa na kujaa, dawa inachelewa kuleta nafuu. Mama Anna muda wote huo alikuwa anameza dawa yenye uwezo, ila kwa kuchelewa.

Kumbukumbu aliziandika kwenye daftari lake la vipimo vya wateja, kwa sababu ndilo lililokuwa mkononi mwake kila saa. Baina ya kiuno cha mteja mmoja na mabega ya mwingine yalikuwepo maandishi yake: usiku ameamka mara ngapi, maumivu kwa namba kati ya sifuri na kumi, na pedi amebadilisha ngapi. Nilisisitiza pedi kuliko vyote. Maumivu mwanamke atayasimulia mwenyewe, lakini wingi wa damu kila mmoja huona wake ndio wa kawaida.

Mzunguko wa pili tuliongeza mafuta. Tulitumia lavenda peke yake. Mchanganyiko unaotajwa mara nyingi katika tafiti huwa na mafuta ya klarisage (mmea mwingine wa harufu) na waridi pia, lakini mafuta hayo hapa Moshi hayapatikani kwa uhakika, na waridi halisi ni ghali mno. Mwenzangu mmoja alipendekeza mafuta ya mchaichai kwa kuwa yapo na ni ya bei nafuu. Nilikataa: yana sitrali nyingi inayoweza kuiwasha ngozi, na ngozi hii ilikuwa imetoka kuumia. Mafuta ya mdalasini na karafuu nayo niliyakataa, kwa kuwa nayo huwasha ngozi.

Kipimo kilikuwa matone 12 ndani ya mililita 30 za mafuta ya nazi, yaani karibu asilimia mbili. Chupa ya mililita kumi ina matone kama 200, kwa hiyo inadumu muda mrefu, na hilo lilimtuliza aliposikia bei yake. Tulijaribu kwanza ndani ya mkono, mahali padogo, tukasubiri siku mbili. Hapakuwasha.

Matumizi yalikuwa ya aina mbili kwa shida zake mbili. Kwa ile wiki ya kabla ya damu, matone mawili kwenye kitambaa kando ya mto wakati wa kulala. Kwa siku mbili za mwanzo za damu, kuchuliwa tumbo na kiuno dakika kumi hadi kumi na tano kwa kiganja kizima, polepole, kwa mzunguko wa mshale wa saa, bila kukandamiza. Halafu kufuta mafuta na kuweka chupa ya moto juu ya kanga. Wifi yake anayekaa naye ndiye aliyefundishwa kuchua. Kunywa mafuta hayo kulikatazwa kabisa, na chupa iwekwe mbali na watoto, maana mafuta ya kunusa yakimezwa ni sumu.

Mambo yalivyokwenda

Katika mzunguko wa kwanza, kwa ibuprofeni iliyowahiwa na joto tu, maumivu ya siku ya kwanza yalishuka hadi sita. Yeye mwenyewe alikumbuka ya zamani kuwa tisa. Usingizi na hasira za wiki ile havikubadilika. Na daftari likatoa habari nyingine: siku ya pili pedi nane kubwa, zote zimelowa, na mabonge ya damu makubwa kuliko sarafu ya shilingi mia mbili.

Nikamwandikia barua ya kwenda hospitali kupima wingi wa damu na ultrasaundi. Akaikunja, akaiweka kwenye mkoba.

Mzunguko wa pili, mafuta yakiwa yameanza, aliamka usiku mara mbili tu katika wiki nzima badala ya kuamka karibu kila usiku. Maumivu yalikuwa manne. Hasira zilikuwepo, ila wifi yake alisema watoto walikula kwa amani. Dosari ilijitokeza kibandani: alipoona kitambaa kinamsaidia usiku, akadondosha matone kwenye vipande vya nguo karibu na cherehani mchana. Binti anayejifunza ushoni hapo ana pumu, akaanza kukohoa na kubanwa kifua. Vitambaa vikatolewa, milango ikafunguliwa, binti akatumia dawa yake ya kuvuta. Tangu siku hiyo mafuta hayatoki chumbani.

Barua ya hospitali ilikuwa bado mkobani. Nilipouliza akanijibu kwa furaha ya kweli: “Sista, mimi si nimepona? Acha nimalize sare.”

Hapo ndipo palipohitaji uamuzi mkubwa kuliko wa kipimo cha matone. Mwenzangu alishauri tumnyime mafuta mpaka aende hospitali. Sikukubali. Nafuu aliyopata ilikuwa ya kweli, na mtu akinyang’anywa nafuu yake hujifunza kumficha muuguzi, hajifunzi kwenda hospitali. Badala yake nilikaa naye pamoja na wifi yake, tukafungua daftari, nikazungushia kalamu mstari wa pedi katika mizunguko yote miwili. Maumivu: sita, nne. Kuamka: karibu kila usiku, mara mbili. Pedi: nane, nane. Wifi ndiye aliyesema, “Kumbe hii haijaguswa.” Akaongeza jambo ambalo Mama Anna hakuwahi kulitaja: akipanda kilima kwenda kanisani siku hizi anasimama mara mbili kupumua.

Hata hivyo sare zilimalizika kwanza, na mzunguko wa tatu ukapita. Maumivu yalikuwa matano, pedi nane. Ndipo wifi akamsindikiza.

Matokeo

Hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu mwilini, ilikuwa 8.7. Kwa mwanamke asiye mjamzito chini ya 12 huhesabiwa upungufu wa damu. Ultrasaundi ilionyesha faibroidi moja iliyoelekea ndani ya mfuko wa uzazi, mahali ambapo hata uvimbe usio mkubwa unaweza kutoa damu nyingi. Daktari alimpa vidonge vya madini ya chuma na dawa ya kupunguza damu inayotoka, anayoimeza siku za hedhi tu. Habari ya upasuaji imezungumzwa bila kuamuliwa, kwa kuwa yeye na mumewe bado wanataka mtoto wa tatu.

Uchambuzi

Je, lavenda ilimsaidia? Naamini ndiyo, lakini siwezi kusema ni lavenda peke yake. Mizunguko miwili yenye mafuta ilikuwa pia mizunguko yenye mikono ya wifi tumboni, robo saa ya kulala chini bila kuitwa na mteja, na mtu anayeuliza asubuhi umelalaje. Kuchua kwenyewe hupunguza maumivu. Joto lina ushahidi mzuri katika tumbo la hedhi. Kwa sababu tulianza na mzunguko usio na mafuta, tunaweza angalau kusema kwamba kushuka kutoka tisa hadi sita hakukuwa kazi ya lavenda. Bila mzunguko ule mafuta yangepewa sifa yote, na saa ya kumeza ibuprofeni isingepewa yoyote.

Tafiti zinaelekea huko huko. Mwaka 2006 huko Korea Kusini wanafunzi wa chuo 67 waligawanywa katika makundi. Waliochuliwa tumbo kwa lavenda, klarisage na waridi ndani ya mafuta ya lozi walipata nafuu kuliko waliochuliwa kwa mafuta ya lozi matupu na wale ambao hawakupewa chochote. Mwaka 2013 watafiti wa Japani waliwanusisha lavenda wanawake 17 wakati wa dalili za kabla ya hedhi, kwa dakika kumi, wakaona hisia zimetulia kwa muda. Hizi ni tafiti ndogo, na zina kikwazo kisichoondoleka: harufu haifichiki. Anayenusa anajua ananusa, na matarajio yake yanaingia kwenye namba anayoandika. Njia inayotajwa na wataalamu inaeleweka, maana mishipa ya kunusa inafika haraka kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu. Kwa usingizi na hasira za wiki ya kabla ya damu, mimi naona hiyo inatosha kuyapendekeza, mradi mtu hana pumu na nyumba haina mwenye pumu.

Kwa damu nyingi hakuna njia ambayo harufu au kuchua kungeweza kuufikia uvimbe ndani ya mfuko wa uzazi. Namba za daftari zilisema hivyo mara tatu.

Kilichoshindwa zaidi ni kitu ambacho hakimo kwenye chupa. Nafuu ilichelewesha hospitali. Maumivu yalikuwa ndiyo sababu pekee iliyompeleka Mama Anna kutafuta huduma, na yalipopungua sababu ikaondoka, huku damu ikiendelea kumtoka mwezi hadi mwezi. Ibuprofeni ingeweza kufanya vivyo hivyo, kwa hiyo silaumu mafuta. Lakini ibuprofeni haina watu wanaoitangaza kuwa inasafisha kizazi. Anayempa mwanamke kitu cha kutuliza, kiwe cha dukani au cha kunusa, anapaswa siku hiyo hiyo kuuliza habari za damu: pedi ngapi, inalowa kwa muda gani, kuna mabonge, unaamka usiku kubadilisha? Pedi kubwa ikilowa ndani ya saa moja au mbili, maumivu yakiwepo hata nje ya hedhi au wakati wa tendo la ndoa, hedhi ikianza kuuma ukubwani wakati zamani haikuuma, kukiwa na homa au uchafu wenye harufu, mtu huyo apelekwe hospitali hata kama mafuta yanamsaidia.

Jambo dogo la mwisho kuhusu chupa. Mama Anna aliweka ya kwake kwenye rafu iliyo juu ya pasi, mahali penye joto na jua la mchana. Lavenda iliyokaa wazi kwenye hewa na joto hubadilika, na iliyobadilika ndiyo inayowasha ngozi zaidi. Ilipofika mzunguko wa tatu harufu yake ilikuwa imefifia, na huenda hilo limechangia maumivu kupanda kidogo. Chupa mpya inakaa kabatini, imefungwa vizuri, kwenye giza. Mafuta ya nazi nayo yataganda asubuhi za baridi za Juni na Julai; hayajaharibika, yanawekwa kwenye bakuli la maji vuguvugu kabla ya kuchua.

Hali ilivyo sasa

Anaendelea na kitambaa cha usiku na wifi anaendelea kumchua. Daftari lina mstari mpya wa vidonge vya chuma. Alikuwa anavimeza na chai ya asubuhi, na chai huzuia chuma kisiingie mwilini, kwa hiyo tumevihamishia saa nne, na maji na chungwa, chai ikiwa imeshapita saa moja au mbili. Damu itapimwa tena baada ya mwezi, ultrasaundi baada ya mitatu, na mazungumzo ya upasuaji yataendelea na daktari wake akiwa na daftari mkononi.